Kioo Juu ya Kitanda cha Nne

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Nina hakika barua hii itakukuta umetoka kazini, umevua viatu, na binti yetu ameshakukalia magotini kabla hujaifungua. Wifi yangu hajambo? Kifua chake kimetulia? Mwambie aache ushujaa wa kufua mablanketi asubuhi na baridi, mablanketi hayana haraka. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako amestaafu, lakini bado anaamka alfajiri na kuvaa shati la kazi, halafu anakaa nalo mezani hajui aelekee wapi. Magoti yangu yananigombeza kila nikipanda ngazi. Nimeyaomba yavumilie miaka minne iliyobaki, ndipo tupumzike sote.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia kwamba binti yetu ametimiza miaka mitano na bado kila alasiri anajifungia chini ya meza ya chakula, ambako anasema ni posta. Anagonga mihuri kwa nusu ya kiazi, anawapanga watu wasiokuwepo kwenye foleni, na juzi alimkatalia mama yake kutoka kuja kula kwa sababu mteja mmoja alikuwa hajahudumiwa. Jirani yenu amewaambia kwamba mtoto wake wa umri huohuo anahesabu mpaka mia na kurudi, na kwamba wa kwenu anachelewa. Sasa mnataka kuondoa kitambaa cha meza na kumpeleka tuisheni ya mchana. Umeniuliza mimi, niliyeishi na watoto wa watu miaka thelathini, kama huo ni ugonjwa.

Ningeweza kukujibu kwa neno moja kwenye simu. Lakini wewe ukiwa kwenye simu unasema "endelea, nakusikia" huku unatafuna, na jambo nililonalo halitaki kutafuniwa. Kaa vizuri.

Unajua ninavyoiendesha wodi yangu. Watoto wananiita Sista Rula, wakidhani sisikii. Vitanda kumi na viwili, magurudumu yote juu ya mstari mmoja, mashuka yamekunjwa pembe, na faili kila moja mahali pake. Sitaomba msamaha kwa hilo hata leo, maana penye fujo ndipo mtoto anapopewa dawa ya mwenzake. Nakutajia tu ili ujue ni mtu wa namna gani aliyekuwa kazini siku alipoletwa binti mmoja wa miaka saba, amevunjika mfupa wa paja baada ya kuteleza kwenye ngazi za nyumbani kwao.

Tulimlaza kitanda cha nne, kando ya ukuta. Mfupa wa namna ile, kwa mtoto wa umri ule, tunaunyoosha polepole. Juu ya kitanda inafungwa fremu ya chuma, kamba inapitishwa kwenye kapi, na mwishoni mwa kamba unaning'inizwa uzito unaouvuta mguu usiku na mchana. Mtoto analala chali wiki sita. Hageuki, hakai, hainui kichwa zaidi ya kidogo tu. Anaangalia dari.

Wiki ya kwanza alilia, na hilo halikunishtua. Wiki ya pili aliacha kulia, na pamoja na kilio akaacha kula. Hapo nikaogopa. Mtoto anayelia bado ana hamu na wewe, anayenyamaza ameshakuchoka. Mama yake, anayefanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, alikuja kila alasiri na vidole vilivyokunjamana kwa maji, akajaribu kumlisha. Mtoto alifumba mdomo na kufumba macho. Tulibadilisha chakula, tukabadilisha kijiko, tukambembeleza, tukamtisha kidogo. Hakuna.

Fikiria, mdogo wangu, kulishwa ukiwa umelala chali. Kijiko kinakutokea juu ya pua ghafla. Hujui kama kina wali au mchuzi, kama ni cha moto au kimepoa. Siku moja supu ilimpalia, akakohoa mpaka kamba zikatikisika na maumivu yakampanda hadi kiunoni. Tangu siku hiyo kijiko kikawa adui yake. Lakini haya nakueleza leo kwa kuwa leo nayajua. Wakati ule mimi niliandika kwenye faili maneno mawili, "Anakataa chakula", nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Daktari wetu wa mifupa, kijana mrefu mpole, alimpima uzito kwa kukisia, akatikisa kichwa. Akasema asipoanza kula, Ijumaa itabidi tumpitishie mpira wa kulishia puani. Umewahi kuona mpira ukipitishwa puani kwa mtoto aliyefungwa mguu juu? Mimi nimeona, na nimeshika mikono ya wengi. Sikutamani kushika ya yule.

Sasa, katika wodi kuna saa mbili za mchana, kabla ya chakula, ambazo hazina mwenyewe. Dawa zimetolewa, daktari ameondoka, wazazi hawajaja. Saa hizo zilikuwa chini ya mamlaka ya binti wa miaka tisa aliyefanyiwa upasuaji wa mguu, anayetembea kwa magongo. Tulimwita Meneja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu, aliagiza. Alikuwa na boksi kubwa la dripu alilolijaza takataka zangu zote: maboksi ya glovu, vifuniko vya ndoo, bomba la sindano lisilo na sindano. Msaidizi wake mkuu alikuwa mvulana wa miaka minne aliyeungua unyayo, ambaye katika kila mchezo alikataa kazi zote isipokuwa moja, nayo ni kubebwa. Jina lake likawa Mzigo. Leo alikuwa saruji, kesho nyanya. Aliwahi kupewa cheo cha mbuzi akakikataa, akisema mbuzi hufungwa kamba.

Mchezo wao ulikuwa lori la safari ndefu, na ufunguo wa lori hilo ni neno moja: eti. Eti hapa ni barabara. Eti godoro hili ni daraja limebomoka. Eti mvua inanyesha na taa hazioni. Mimi niliwaruhusu, ilimradi wabaki nyuma ya pazia karibu na masinki na boksi lirudi mahali pake saa nane. Niliuona mchezo huo kama ninavyoiona redio iliyopunguzwa sauti: hausumbui, na hauna faida.

Yaliyotokea Jumatano nayajua kwa kusimuliwa na muuguzi msaidizi, maana mimi nilikuwa kwenye kikao cha wakuu wa wodi tangu saa nne. Meneja alikuwa na shida ya dereva. Kila dereva aliyempata aliinuka kwenye kiti kwenda kuangalia injini, na lori likabaki halina mtu. Alihitaji dereva asiyeinuka. Akatupa macho wodi nzima, akamwona anayemfaa. Akaenda na magongo yake mpaka kitanda cha nne na kumwambia yule binti kwamba lori limekwama na mzigo unaoza.

Binti alimgeuzia macho ukutani. Meneja hakuondoka. Baada ya muda mrefu binti aliuliza ni mzigo gani.

"Nyanya," akajibu Mzigo mwenyewe, kutoka sakafuni.

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya yule binti kwa siku nne. Wakamwekea kifuniko cha ndoo kifuani, ndio usukani, na safari ikaanza. Haikufika mbali. Dereva alilalamika kwamba anaona dari tu, na dari haina barabara. Wakajaribu kumweka mtu wa kumwelekeza, akawa anaambiwa kata kushoto, kata kulia. Baada ya kona tatu alikataa. Alisema dereva gani anayeambiwa barabara iko wapi, huyo si dereva, ni kipofu. Wakataka kumwongezea mito, lakini msaidizi akawakataza kwa sababu ya mguu. Wakakaa chini wakagombana. Nasisitiza hapo, mdogo wangu: waligombana kwa robo saa nzima juu ya lori ambalo halikuwepo, kwa uzito ambao sisi wakuu wa wodi hatukuwa nao siku hiyo tukijadili majokofu yaliyokuwepo.

Ndipo Meneja akakumbuka kwamba dereva wa kweli anaona nyuma bila kugeuza shingo. Anaonea kioo. Na kama kioo kinaweza kumwonyesha nyuma mtu anayetazama mbele, basi kinaweza kumwonyesha mbele mtu anayetazama juu. Wakachukua kioo kidogo cha masinki, wakakifunga kwa bandeji kwenye fremu juu ya kichwa chake, wakakipinda huku na huku mpaka akasema anauona mlango. Kisha akaliona dirisha. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na moja, akaziona sura za watu wakiwa wamesimama, si wakiwa wamemwinamia.

Mimi nilirudi saa nane. Nikakuta kioo kinachovunjika kinaning'inia kwa fundo la bandeji juu ya uso wa mtoto, kwenye fremu inayoshika uzito wa mguu wake. Nilikifungua, nikalichukua boksi lote, nikalifungia ofisini, na nikasema maneno makali ambayo hayakuhitaji sauti niliyoyapa. Mzigo alibaki amelala kwenye troli ya mashuka, hajui kama ameshashushwa au bado. Msaidizi alijaribu kuniambia kitu. Nilimwambia kama ana taarifa aiandike kwenye kitabu.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Chakula cha mchana kikaja, nikamlisha mimi mwenyewe, na mdomo ukafumbwa. Nikaenda kuandika yale maneno yangu mawili. Nilipofungua kwanza kitabu cha taarifa za wodi nikaukuta mstari wa jana, kwa mwandiko wa msaidizi: "Kitanda cha nne amekula sahani nzima, mwenyewe."

Niliusoma mstari ule nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikausoma tena.

Nilimfuata Meneja alikokaa, nyuma ya pazia, bila boksi, anachora kwa kidole kwenye vigae. Nilipiga magoti, magoti haya haya, na kumwuliza jana walimlishaje mwenzao. Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayelazimika kumfundisha bosi wake.

"Hatukumlisha," akasema. "Wewe unamwambia ale. Sasa atakulaje na sahani haoni?"

Akanieleza. Eti lori lilisimama mbele ya hoteli. Dereva akaagiza chakula, sahani ikawekwa kifuani palipokuwa usukani, naye akawa anaiona kwenye kioo: sahani, kijiko, mkono wake, mdomo wake. Mara ya kwanza alikosea, kwa sababu kwenye kioo mkono unakwenda kinyume, kijiko kikampiga kidevuni. Wakacheka. Akacheka na yeye. Mara ya pili kikampiga shavuni. Mara ya tatu kikaingia. Baada ya hapo, alisema Meneja, aliagiza tena.

Sisi wenye mafunzo, vyeti na vikao tulimtazama yule mtoto karibu wiki mbili tukaona mdomo uliofumbwa. Wao walimtazama wakaona dereva asiyeona barabara. Mwanzoni nilifikiri wao walikosea na wakabahatisha. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na sasa sioni bahati. Mtu anayeweza kushika kifuniko cha ndoo mkononi, akijua kabisa ni kifuniko, na papo hapo akakiona ni usukani, ana kitu ambacho mimi nilikuwa nimekipoteza kitambo. Kwangu kioo cha masinki kilikuwa kioo cha masinki. Kwao kila kitu ni hivyo kilivyo, na pia ni kingine ambacho kinaweza kuwa.

Siku hiyohiyo nilimwita fundi wa hospitali. Alikuwa na kipande cha kioo cha plastiki kisichovunjika, kilichobaki walipotengeneza bafu la watoto. Akakiwekea ukingo wa mbao na kukifunga kwa skrubu kwenye fremu, mbali na kamba. Nilitosheka. Meneja hakutosheka. Alimwambia fundi kwamba hawezi kujua kama kimekaa vizuri akiwa amesimama, lazima mtu alale. Fundi akanitazama mimi. Kitanda cha tano kilikuwa wazi na kina fremu kama ile, akakihamishia huko kioo kwa muda.

Basi dada yako, na sare yake na saa yake kifuani, alipanda kitandani akalala chali mbele ya wodi nzima. Mzigo alichukulia kwamba lori limeanza kupakiwa, akanipandia tumboni. Nikaitazama dari ambayo nimefanya kazi chini yake miaka kumi na moja. Sijawahi kuiona. Kuna ufa umbo la mto, na ndani ya taa kuna wadudu waliokufa tangu sijui lini. Nilipogeuziwa kioo nikauona mlango, na unajua, nilipumua. Dakika tano tu, na nilipumua kama mtu aliyefunguliwa.

Kisha yule binti wa kitanda cha nne akasema kwamba kioo cha dereva hakirekebishwi na abiria. Fundi akaelewa kabla yangu. Akakirudisha kitanda cha nne, akafunga kamba mbili nyembamba pembeni, moja ya kukipandisha na moja ya kukishusha, zikamfikia mtoto mkononi. Jioni ile alikula mbele ya mama yake. Mama alishika mdomo kwa mikono yote miwili, na mtoto akamwambia asisimame hapo, anaziba barabara.

Ijumaa daktari alikuja, akaiona sahani tupu, akaufuta mpira kwenye faili. Ndani ya mwezi tulikuwa na vioo vitano vya namna ile, na wodi ya watu wazima ikaomba viwili.

Sasa nakujibu la binti yetu. Si mgonjwa. Huyo mteja asiyeonekana anamfundisha kuwaza mtu mwingine anataka nini. Nusu ya kiazi inamfundisha kwamba kitu hakikufungwa kwenye jina lake. Na chini ya meza anaweza kukosea mara tatu, akampa mtu barua isiyo yake, akapanga foleni upya, na hakuna atakayempigia mstari mwekundu. Kuhesabu mpaka mia atajua, wewe ulijua na hukuwa na akili kumzidi. Kitambaa kiacheni mezani. Na wewe, siku moja moja, inama upange foleni. Usimfundishe kazi ya posta, nakujua. Subiri uhudumiwe.

Ningeweza kuishia hapa na barua ingekuwa nzuri. Lakini nimechukua kalamu kwa sababu ya jambo linalofuata, nami nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiye uliyenijua nikiwa na hofu ya kukemewa.

Daktari alipouliza siku ile ni wazo la nani, nilimwambia kwamba tulikuwa tukijaribu-jaribu. Hilo halikuwa uongo kamili. Matroni alipouliza, nilimwambia kwamba niligundua mtoto haoni sahani. Hapo nilikuwa nimeshavuka mpaka. Nikaalikwa kusema kwenye mkutano wa mwaka wa hospitali, mbele ya watu mia mbili, na kwa dakika kumi na tano nilisema "niliona", "nikafikiri", "nikabuni". Sikuwataja watoto hata mara moja. Sikupanga iwe hivyo. Lakini miaka thelathini nimesifiwa kwa usafi na kuwahi kazini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nina wazo. Ilikuwa tamu, mdogo wangu. Nikapewa Cheti cha Ubunifu katika Huduma, nikapigwa picha nimekishika. Nikamtumia Mama picha, naye kaitundika sebuleni, na najua amewaita majirani.

Wiki tatu baadaye Meneja alikuja kliniki, bila magongo. Akaingia ofisini kunionyesha anavyotembea, akazunguka meza mara mbili, akasimama mbele ya cheti ukutani. Anasoma vizuri, lakini aliniuliza maana ya ubunifu. Nikamwambia ni kufikiria kitu ambacho hakikuwepo, na kukifanya kiwepo. Uso wake ukang'aa.

"Kumbe na wewe Sista una cha kwako," akasema. "Ni kipi?"

Hakuwa ananisuta. Angenisuta ningejua la kujibu. Alinifurahia kwa moyo wote, akitaka kuona nami nimetengeneza nini. Nilimwambia nitamwonyesha siku nyingine. Uongo huo wa mwisho, mdogo kuliko wote, ndio ulionichoma.

Nilikwenda kwa Matroni mchana uleule. Alinisikiliza, akanishauri niache mambo yalivyo, kwamba watoto hawana haja ya karatasi na hospitali ina haja ya mfano mzuri. Nilimshukuru. Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, nilisimama mbele ya madaktari, wauguzi na fundi, nikaeleza habari yote kama nilivyokueleza wewe, pamoja na boksi nililolifungia na sauti niliyoitumia. Daktari wetu mrefu aliinuka, akaenda wodini, akalala kitanda cha tano na viatu vyake, akakaa hapo akitazama dari. Aliporudi alisema kwamba kuanzia sasa kitu chochote kipya cha vitanda vya watoto kitapita kwanza kwenye zile saa mbili za mchana za watoto.

Cheti nilikirudisha. Kimeandikwa upya kwa majina kamili ya watoto watatu, na kila mmoja amepewa nakala. Mzigo alilia kwamba jina lililoandikwa si lake, ikabidi karani aliongeze hilo la kazi chini yake. Yule binti wa kitanda cha nne ameshatolewa, anachechemea kidogo na anakula kama fundi ujenzi. Tumepewa stoo ya zamani ya mashuka iwe chumba cha michezo. Boksi lipo, na masharti yapo: hakuna kinachofungwa kwenye kamba bila kunionyesha. Sista Rula bado yuko kazini, ila siku hizi akiona vurugu anauliza kwanza ni eti nini.

Naona haya kidogo ninapoandika, lakini nimelala usingizi mzuri tangu Jumatatu ile. Sitaki ulibebe jambo hili kwa siri. Macho ya Mama hayasomi tena mwandiko wangu, kwa hiyo nakuomba Jumapili uende umsomee barua hii yote, kwa sauti, usiruke mahali. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akiuliza kama mimi ni mzima, mwambie sijawahi kuwa mzima namna hii.

Msalimie wifi, na binti yetu mbusu kwenye paji la uso kwa niaba ya shangazi yake. Shemeji yako anasema uje umsaidie kutafuta pa kwenda na lile shati. Ndani ya bahasha nimeweka picha aliyoipiga fundi: niko chali kitandani, kofia imenivuka, Mzigo kanikalia tumboni, na wale mabinti wawili wanaonekana kwenye kioo. Mwombe Mama atoe ile ya cheti, aitundike hii.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Sista Rula